Msaidizi wa Maganga

Siku mliyoniaga kwa soda na keki, ninyi mnaokalia sasa kile chumba cha mwisho cha kliniki yetu Korogwe, mliniomba niwaandikie wagonjwa walikuwa na hali gani walipofika mara ya kwanza, kabla hawajameza kidonge hata kimoja. Nilidhani mnanitafutia la kunishughulisha tu, maana mstaafu huonewa huruma kama mtoto aliyelazwa wodini. Lakini nimekaa hapa Mpale, nikipalilia maharage yangu na kuwaza, nikaona kwamba kweli hamkuwaona. Leo mtu anapima akiwa na kapu lake la sokoni mkononi, na dawa anapewa kabla hajarudi nyumbani. Sisi tuliwapokea wakiwa wamebebwa.

Nilianzia Handeni, kwenye kituo cha afya upande wa nyika, karibu na wafugaji. Siku ya kwanza nilivaa gauni jeupe nililolipiga pasi ya mkaa, na kabla ya saa nne lilikuwa jekundu kwa vumbi. Mkubwa wa kituo alikuwa Mzee Mhina, tabibu ambaye watu wote walimwita daktari naye hakuona sababu ya kuwasahihisha. Alikuwa mtu mkavu, asiyependa kuulizwa maswali kabla ya chai. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama naweza kumpa mtu habari mbaya bila kumpa pole. Nikasema sijui. "Jifunze," akasema. "Ukimpa pole mapema anajua umeshamzika."

Mizani yetu ya watu wazima ilikuwa ile ya kupimia magunia, iliyoachwa na chama cha ushirika kilipokufa. Mgonjwa alipanda pale palipokuwa panawekwa mahindi, na mimi nikasogeza kile chuma mpaka kitulie. Ilipima vizuri, kuliko nyingine nyingi nilizoletewa baadaye zikiwa mpya kwenye boksi. Shida yake ilikuwa moja: haikujua kutofautisha mtu na alichovaa. Alikuwapo mama mmoja wa Kimasai aliyekuja kila mwezi na mume wake, anaharisha, anakohoa, na kila mwezi uzito ni ule ule. Mimi nikafurahi. Mzee Mhina akatazama shanga zake, vikuku vya shaba kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, mashuka mawili mazito, akaniambia niache kufurahi. Kumvua mke wa mtu mapambo yake haikuwezekana, hata mume asingekubali. Basi Mzee Mhina akachukua uzi, akauzungusha kwenye mkono wa mama yule juu ya kiwiko, akaufunga fundo, akauweka kwenye droo. Mwezi uliofuata mkono ulikuwa umepungua, fundo likasogea. Uliofuata likasogea tena. Vikuku navyo viliongezeka, nadhani dada zake walimpa vyao ili apendeze, au ili mume asione. Alikufa kiangazi hicho.

Wakati huo tukimshuku mtu kuwa na virusi vya UKIMWI tulichukua damu yake, ikapanda basi kwenda kupimwa mbali, na majibu yakarudi yalipojisikia. Mara nyingi yalimkuta mwenyewe amezikwa. Yakimkuta hai, tulikuwa na ushauri: ale mayai, anywe maziwa, anywe maji mengi. Maji mengi, Handeni, mwezi ambao ndoo moja mtu aliifuata nusu siku. Niliyasema maneno hayo miaka mingi, na kila mara niliona aibu.

Mzee Mhina ndiye aliyenifundisha kuwatazama. Usimuulize mtu anaumwa nini, alisema, atakwambia malaria. Muulize mwaka jana alikuwa anabeba nini ambacho leo hawezi. Mmoja atasema mtungi, mwingine gunia, mwingine mwanawe. Funua kope uone kama nyama yake bado nyekundu. Tazama ulimi kama una utandu mweupe. Muulize mashuka yake kama huloa jasho usiku. Mtembeze mpaka mlangoni arudi, kisha msikilize anavyohema. Alistaafu akarudi kwao, nami nikahamishiwa Korogwe.

Korogwe nilikuta soko huria limeshapamba moto. Mashamba ya mkonge yalikuwa yanauzwa, wafanyakazi wamepunguzwa, na watoto na wajukuu wa manamba walioletwa zamani kutoka Tabora, Kigoma na Songea walikuwa wamebaki kwenye yale makambi bila kazi na bila kwao. Hospitali ilianza kuwachangisha wagonjwa. Mitumba nayo ilijaa, na hiyo, msicheke, ilitupa taabu kazini. Zamani mtu akikonda ulimwona, maana shati lake lilikuwa moja na lilimpwaya. Sasa alikwenda gulioni akanunua dogo zaidi. Walikuja nguo zimewakaa sawasawa, wamependeza, na ndani yake hamna mtu. Ikabidi nitazame saa za mkononi zilizopanda mpaka karibu na kiwiko, pete zilizozungushiwa uzi zisianguke, na viatu, kwa sababu miguu ikikonda viatu huanza kupiga kelele.

Kisha dawa zikafika. Mnadhani tulishangilia. Tuliogopa, kwa sababu zilikuja chache, na zikaja na masharti. Damu ilichukuliwa asubuhi na kupelekwa siku hiyo hiyo kwenye mashine ya kuhesabu kinga, maana ikichelewa haifai. Mwenye kinga iliyoshuka chini ya mia mbili alistahili kuanza. Aliyezidi kidogo alirudishwa nyumbani akaendelee kuumwa mpaka atimize. Aliyestahili naye hakupewa siku hiyo. Alipaswa kuhudhuria masomo matatu, na kuja na msaidizi: mtu anayejua siri yake, atakayemkumbusha kumeza, na atakayemleta kwetu akizidiwa. Bila msaidizi, dawa hakuna. Aliyetunga sharti hilo alikuwa na nia njema, na naamini alikuwa na ndugu wengi.

Maganga hakuwa na hata mmoja. Alikuwa Mnyamwezi aliyezaliwa kambini, baba yake alikuja kukata mkonge na hakurudi tena Tabora. Yeye mwenyewe alifanya kazi kwenye mashine ya kusindika mpaka ilipozimwa, akahamia Makuyuni kutengeneza baiskeli. Mke alishaondoka. Aliletwa kwetu amekalishwa nyuma ya baiskeli, amefungwa kwa kanga kwenye mgongo wa mwendeshaji asianguke. Kilo alikuwa nazo kama za mtoto wa shule. Kikohozi cha miezi, jasho la usiku, mbavu unaweza kuzihesabu kupitia shati. Mwendeshaji baiskeli alikuwa mwanaume mnene mwenye kitambi cha heshima, mchinjaji wa pale Makuyuni, Mzigua, jina lake Sechambo.

"Sista, nimeleta mzigo," akasema Sechambo akimfungua ile kanga. "Babu yake alipita hapa na mizigo ya watu begani. Leo ameshuka daraja, amekuwa mzigo mwenyewe."

"Usimsikilize," Maganga akajibu akihema. "Huyu mchinjaji. Amezoea kunusa kilichokaribia kuanguka."

Nikamuuliza Sechambo yeye ni nani wa mgonjwa.

"Mtani wake."

"Ndugu hana?"

"Ndugu zake wako Tabora, hata sura yake hawaijui. Mimi ndiye nitakayemzika, Sista. Sasa nimekuja kuomba kazi nyingine kidogo kabla ya hiyo."

Ninyi vijana mliosomea mijini, utani mnaujua wa kwenye simu. Mzigua na Mnyamwezi walikuwa watani tangu misafara ya kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na usikasirike. Anaweza kuchukua kuku wako. Msibani yeye ndiye anayeingia mpaka chumbani, anayefanya kazi ambazo wenye uchungu hawaziwezi, huku akimsema marehemu mpaka waliaji wacheke. Kwenye yale makambi ya mkonge, watu ambao hawakuwa na ukoo karibu walizikwa na watani wao. Daktari wetu wakati huo alikuwa kijana kutoka mbali, mwema lakini mtu wa fomu, akasema fomu inataka ndugu, mwenzi au rafiki. Nikamweleza. Akakubali, akasema niandike rafiki.

"Mnyamwezi awe rafiki yangu?" Sechambo akasema. "Andika mtani, au nambeba narudi naye."

Nikaandika mtani. Makohozi yakaonyesha kwamba Maganga ana kifua kikuu, na kinga yake ilipohesabiwa ilikuwa mia na kitu. Daktari akaamua aanze kwanza dawa za kifua, za virusi zifuate baadaye, huku masomo yakiendelea. Sechambo alikuja naye kila mara. Aliketi mbele, akajibu maswali kuliko wagonjwa, akamsema Maganga mpaka benchi zima likacheka, na kliniki yetu haikuwa mahali pa kucheka. Nakiri nilikuwa nikiisubiri siku yao.

Somo la pili lilihusu dalili zinazomfikisha mtu hapa kabla hajajijua. Nikazitaja kama kawaida: homa zinazorudi, utandu mdomoni, kupungua mwili, mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayouma kama moto na kuzunguka upande mmoja wa mwili. Nilipofika hapo Sechambo akaacha kutania. Maganga akamchokoza, hakujibu. Watu walipoondoka akabaki kwenye benchi.

"Sista, huo mkanda wa jeshi. Hata kama ulipona zamani?"

"Hata kama ulipona, ni sababu ya kupima."

Akafungua vifungo vya shati. Kovu lilianzia mgongoni likaja mpaka chini ya ziwa la kushoto, jeusi, pana kama kiganja. "Mama watoto alikufa kwa malaria," akasema. "Ndivyo tulivyosema."

Tukampima. Majibu ya mashine yaliporudi, daktari alidhani chupa zimebadilishana, akataka damu ichukuliwe upya. Ilichukuliwa, ikarudi vile vile. Maganga, mifupa iliyovaa shati, alikuwa na mia na kitu. Sechambo na kitambi chake hakufika ishirini. Wakati mwingine mtu akiwaambia kwamba huyu haonekani kama mgonjwa, mkumbukeni mchinjaji wangu. Nimewahi kuwapokea wengi waliokonda ambao wako hai leo, na nimewahi kuwapokea wanene waliokuwa wamebakiza kidogo kuliko wote. Nilimwambia kwa namna ya Mzee Mhina, bila pole. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei.

Tulimwambia alete msaidizi. Alikuwa na watoto wakubwa watatu, wawili wanafanya naye kazi buchani, na dada zake wamejaa Makuyuni na Kerenge. Akakataa kumwambia hata mmoja. "Mchinjaji akijulikana, nyama itaozea kwenye ndoana," akasema. "Watoto wangu wanakula kwa bucha ile." Nikamsihi. Daktari akamsihi. Akasema msaidizi anaye, yule mzigo wake.

Daktari hakupenda. Mgonjwa kumlinda mgonjwa, na huyu mlinzi mwenyewe ametoka kufungwa kwa kanga juzi. Lakini Maganga wakati huo alikuwa ameshaanza kutembea, kikohozi kimepungua, anatengeneza baiskeli tena akiwa ameketi. Na msaidizi mwingine hakuwepo. Sechambo asingeweza kusubiri, kila siku aliyokaa bila dawa tulikuwa tunamcheza kamari. Tukamwanzishia, Maganga akawekwa kuwa msaidizi wake. Niliwaketisha wote wawili nikawaambia kwa kirefu: siku za mwanzo kichwa kinaweza kuuma, ndoto zinaweza kuwa mbaya, avumilie, asiache dawa. Ila maumivu yakizidi, msaidizi amlete, hata kama mgonjwa anakataa. Wote wawili walirudia maneno yangu mbele yangu bila kukosea.

Waliporudi mara ya kwanza Sechambo alikuwa anameza vizuri. Mara iliyofuata hawakuja. Siku mbili baadaye nikasikia pikapu inarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Sechambo alikuwa amelala nyuma juu ya turubai la nyama, macho yamefunguka nusu, shingo imekakamaa. Ukijaribu kuinua kichwa, mwili wote unainuka. Daktari akamchoma sindano ya mgongo akatoa maji, akayatazama kwa darubini, akasema ni homa ya uti wa mgongo, ile ya fangasi inayowapata wenye kinga ya chini kabisa. Dawa yake hatukuwa nayo. Nikatoka mbio kwenda mjini. Soko huria lilikuwa limeleta maduka ya dawa kila kona, yana aina zote za dawa za kikohozi na za kuongeza nguvu, na hiyo moja haikuwepo katika duka hata moja. Niliporudi, mwanawe alikuwa amesimama nje ya wodi, anauliza kama ni malaria ya kichwa. Maganga alikuwa kwenye benchi letu, kofia mkononi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu wiki iliyopita, Sista. Alikuja pale kwenye baiskeli zangu, akaniambia, Mnyamwezi, kichwa kinapasuka, nakufa. Nikamwambia kufa basi, wali wa matanga wenu mtamu." Akaigeuza kofia mkononi. "Juzi akaja tena. Akaketi chini. Akasema mwenzangu, nakufa kweli. Nikamwambia atangulie, mimi sina nauli. Akacheka, Sista. Alicheka, akaondoka."

Nikaketi kando yake.

"Tangu tujuane ananiambia anakufa," akasema. "Nami namwambia. Ndiyo salamu yetu. Ningeijuaje ya juzi?"

Mlishafundishwa namna ya kumchagua msaidizi: awe mwaminifu, akae karibu, ajue siri. Maganga alikuwa na yote hayo. Alimpenda Sechambo kuliko ndugu. Na hiyo ndiyo iliyotuangusha, kwa sababu kwa lugha waliyokuwa nayo wao wawili, neno hilo moja, nakufa, lilikuwa halisikiki. Angemwambia mtu mwingine yeyote, hata jirani asiyempenda, angepakiwa siku hiyo hiyo. Sechambo alikufa alfajiri bila kuamka. Kama angeletwa wiki ile ya kwanza, labda tungempeleka kwenye hospitali yenye dawa. Labda. Nimeishi na neno hilo miaka mingi, sijalizoea.

Akazikwa siku hiyo hiyo kama desturi ya Waislamu. Nilikwenda Makuyuni mchana, nikavua sare nikajifunga kanga, nikaketi na kina mama uani. Uwanja ulijaa, mchinjaji hujulikana na kila mtu. Wote walikuwa wanasema malaria ya kichwa. Wakati jeneza linatolewa, Maganga alisimama mlangoni akazuia njia, kama mtani anavyopaswa. Watu wakatulia. Walijua wale wawili walivyokuwa, wakawa wanangoja kuchekeshwa. Hakusema kitu. Akakaa hivyo mpaka mzee mmoja wa Kizigua akamchokoza kutoka nyuma.

"Mnyamwezi, leo ulimi umeuacha wapi? Mseme mtani wako tukamsitiri."

Maganga akatazama jeneza. "Aliniambia anakufa," akasema. "Nikamwambia atangulie."

Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani kinachotoka na machozi.

"Mara mbili aliniambia," akasema, na sauti ilikuwa inamtetemeka. "Mara ya pili aliketi chini. Nikamwambia sina nauli."

Wakacheka zaidi. Bibi aliyeketi kando yangu, shangazi wa marehemu, alijifuta macho kwa upindo wa kanga akaniambia, "Unamwona huyu, mwanangu? Huyu ndiye mtani hasa." Wale waliobeba jeneza nao walikuwa wanacheka, mabega yao yanatikisika na jeneza linatikisika juu yao. Mimi nililia, na hakuna aliyeshangaa, maana msiba ni msiba. Maganga akasogea pembeni akawapisha.

Yeye yuko hai. Alianza dawa zake za virusi baada ya hapo, kwa msaidizi mwingine tuliyemtafutia, na sasa ana mwili na vijana wawili anaowafundisha kazi. Wazigua wa pale wakimtania hajibu, wanasema ana maringo. Kabla sijaandika haya nilikwenda kumwomba ruhusa, nikamwahidi kubadilisha majina. Alikuwa ameshika tairi, anatafuta tundu kwenye karai la maji. Akasema niandike tu, ila niwaeleze wasomaji wangu jambo moja: siku ile mlangoni hakuwa anatania.